Picha Niliyoipiga Bila Hodi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Nimezaliwa Chokocho, kusini mwa Pemba, na hapo ndipo nilipo mpaka leo, mimi na mke wangu Bi Mize na mbuzi wetu watatu. Nilisoma hadi sekondari, na kwa enzi zetu hiyo haikuwa elimu ndogo. Nikapata ukarani katika kituo cha kununulia karafuu, nikaufanya mpaka nikastaafu.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Huruma siistahili... Naandika kwa sababu yuko mwanamke mmoja kule Micheweni aliyepoteza nyumba yake kwa mkono wangu. Hakuiba. Hakuzini. Hakumtukana mtu. Alicheka tu! Alicheka uani kwake, nami nikampiga picha.

Nilipostaafu, rafiki yangu aliyekuwa baharia aliniletea zawadi: kamera ndogo ya mkanda, inayoingia katika mfuko wa kanzu. Si yale makamera makubwa ya harusi. Hii unaielekeza, unabonyeza, basi. Yenyewe inajivutia mkanda, zzz, kama nzi aliyenaswa chupani.

Niliipenda kuliko nilivyowahi kukipenda kitu cha mkononi. Nilipiga vitu vya kila siku: paka juu ya gunia, kanga zilizoanikwa, jogoo, mjukuu wangu Nasra akila muwa. Mkanda mmoja una picha thelathini na sita, na mimi si mtu wa pupa. Mkanda ulinichukua miezi miwili, mara nyingine mitatu. Ukiisha nampa mtu anayesafiri na meli kutoka Mkoani, aupeleke Unguja ukasafishwe. Mpaka picha zirudi, mwezi mwingine umekwenda.

Watu walinicheka. Nani siku hizi asiye na simu ya kupigia picha? Jirani yangu Mzee Shaame, msokota kamba za makumbi ya nazi, alikuwa haniachi. Kila nikipita barazani kwake anapaza sauti: "Mzee Kamera! Nipige basi nami kabla sijafa! Lakini kwa mwendo wa picha zako, nitazikwa kwanza!"

Na mkwe wangu Riziki, mke wa mwanangu Hamad, aliniuliza siku moja huku ameficha mdomo kwa kanga: "Baba, hino picha ya Nasra tutaiona hapa duniani au kule akhera?"

Nilicheka siku ile. Riziki alikuwa na mdomo wa utani na kicheko cha karibu. Nasema kweli yangu: ndani ya moyo nilikuwa nikiona anacheka kupita kiasi kwa mke wa mtu ambaye mumewe yuko mbali. Sikumwambia mtu. Nililiweka tu, kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni bila kujua atamrushia nani.

Kamera ile ilikuwa na jambo moja lililoniteka kabisa. Chini ya kila picha, pembeni, iliandika tarehe kwa rangi ya chungwa. Siku na mwezi! Kwa karani kama mimi, hiyo ilikuwa asali. Maisha yangu yote niliamini tarehe. Barua isiyo na tarehe nilikuwa nairudisha. Mtu akiniambia "juzijuzi" au "wakati ule wa mvua", namwuliza: tarehe ngapi?

Sasa, mwaka huo, betri ya kamera ilikufa. Nikanunua nyingine Mkoani, na mwenye duka akaniambia tarehe itakuwa imejifuta, niiweke upya. Nikaiweka palepale, nimesimama juani, miwani nimeiacha nyumbani. Tarakimu zenyewe ndogo kama mayai ya sisimizi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaona kama imekaa. Nikaitia mfukoni, nikaenda zangu kununua chumvi.

Ikumbukeni siku hiyo, ndugu zangu. Mimi sikuikumbuka.

Hamad ni mtoto wangu wa pekee wa kiume. Ni fundi wa majokofu, anafanya kazi Unguja, na huja nyumbani mara mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa. Nyumba yake aliijenga nyuma ya yangu. Kutoka mlango wangu wa nyuma mpaka mlango wa uani kwake ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi sana, baadaye...

Ua wake ni wa makuti. Na kwetu sisi, hata kwa mwanao uliyemzaa huingii uani bila hodi. Unasimama, unapiga hodi, unasubiri uambiwe karibu. Mwanamke huko ndani huenda kakaa bila mtandio, huenda kanyoosha miguu. Ile ndiyo nafasi yake peke yake. Nilijua hivyo tangu utoto.

Alasiri moja nilikuwa naenda kuwatazama mbuzi. Nikapita pembeni mwa ua wa Hamad, nikamsikia Riziki anacheka. Kicheko cha kuvunja mbavu! Kwenye makuti palikuwa na upenyo, mdogo kama kiganja cha mtoto. Nikachungulia. Nikamwona amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kanga imemwangukia mabegani, kichwa amekirudisha nyuma, meno yote nje. Alikuwa akitazama upande ambao upenyo haukunionesha.

Nikaitoa kamera, nikaielekeza kwenye upenyo, nikabonyeza. Zzz. Nikaenda zangu kwa mbuzi, moyo mweupe kabisa.

Sikupiga hodi. Jicho langu halikupiga hodi, na kamera yangu haikupiga hodi. Wala sikuona kuwa ni kosa.

Mkanda uliisha, ukasafiri, ukasafishwa. Picha zikanifikia mwezi wa kumi. Siku zote nilikuwa nachapisha chache tu, zile nilizozichagua, nyingine zinabaki kwenye vipande vya mkanda. Mara hii zilikuwa tano: paka, jogoo, karafuu kwenye jamvi, Nasra na pengo la jino, na Riziki anacheka.

Nikazitazama dirishani kwa miwani. Ya Riziki ilikuwa nzuri, nzuri kuliko zote. Nikaisogeza karibu... nikaifuta miwani, nikatazama tena.

Nyuma yake, kwenye ukuta wa chokaa, palikuwa na kivuli. Kivuli cha mwanamume! Kofia ilionekana wazi. Mkono mmoja umeinuliwa usoni, kama anayekunywa kitu, au anayejificha.

Nikatazama tarehe. Ishirini, mwezi wa nane.

Hamad alirudi Unguja baada ya Idi kubwa, mwisho wa mwezi wa sita. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mwezi wa nane mwanangu hakuwepo Pemba. Basi ni nani aliyesimama uani kwake alasiri, na mkewe akamcheka namna ile, kichwa wazi?

Mtaniuliza: wewe mzee si ndiye uliyepiga? Hukumbuki ilikuwa siku gani? Wallahi sikukumbuka. Nilikikumbuka kicheko, nikaukumbuka upenyo, siku nisiikumbuke. Na mtu wa umri wangu, mashine ikimwambia jambo, hujitilia shaka yeye kwanza. Hizo picha nyingine nne nazo hazikunisaidia. Paka hana Idi wala mfungo. Karafuu zilizoanikwa leo ni sawasawa na za jana.

Hatua kumi na mbili! Ningeweza kwenda, nikapiga hodi, nikamwonesha, nikamwuliza: mwanangu, hiki kivuli cha nani? Sikwenda. Sikumwambia hata Bi Mize. Nilikaa mezani, nikaandika barua kwa Hamad kwa mwandiko wangu wa ofisini, nikaitia picha ndani ya bahasha. Chini niliandika maneno mawili: "Tazama tarehe."

Hamad alikuja na meli ya Jumamosi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

Tulikaa ukumbini kwangu watu wanne: mimi, Bi Mize, Hamad na Riziki. Nasra alipelekwa kwa jirani. Hamad akampa mkewe picha, akamwuliza hicho kivuli cha nani.

Riziki akaitazama, na mnajua alifanya nini? Alicheka! Alidhani ni utani.

"Si chako hicho? Ala! Hujijui?"

"Soma tarehe," Hamad akamwambia.

Akaisoma. Kicheko kikamwishia taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Akasema, "Tarehe siijui miye. Namjua mume wangu."

Nikaingilia. Nani alinituma? Nikamwuliza kama namhoji mwizi wa karafuu: "Kama ni mumeo, alikuwa anafanya nini, mkono kauinua hivyo? Na weye ukicheka nini?"

Akafungua mdomo. Akanitazama mimi, akamtazama Hamad, akakitazama tena kile kivuli. Kisha akainamisha kichwa, akawa anasokota ncha ya kanga.

Nikasema, "Mnaona?"

Bi Mize akapandisha sauti: "Mnaona nini? Mwanamke mwenye mgoni hukaa naye juani, uani, anakuna nazi? Baba Hamad, muogope Mungu!" Nikamwambia anyamaze. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na siku hiyo nikamwambia anyamaze mbele ya watoto.

Hamad akaichukua picha mkononi mwa mkewe. Aliitazama muda mrefu. Akauinua mkono wake nusu, kama mtu anayetafuta jambo alilolisahau, halafu akaushusha. Akanigeukia.

"Baba, una hakika na tarehe?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu aliponifungulia mlango. Kamera ilikuwa kwenye kabati, mkono wangu ungeifikia. Kuitoa tu, kuvaa miwani, kuitazama! Dakika moja!

Nikamjibu, "Tarehe siandiki mimi, inaandika mashine. Mimi naweza kusema uongo. Mashine itamwongopea nani, na kwa faida gani?"

Hamad akaomba karatasi. Nikampa, akanirudishia, akaniambia, "Andika weye, Baba, mwandiko wako unasomeka." Nikaandika. Talaka moja. Na juu kabisa, kama karani, nikaandika tarehe.

Riziki hakulia mbele yetu. Alikusanya nguo zake na za Nasra mchana uleule. Alipofika mlangoni alisimama, akaniambia kwa adabu, sauti haikupanda hata kidogo: "Baba, weye ndiye uliyepiga. Ungepiga hodi tu, ungemjua aliyekuwemo."

Akaenda kwao Micheweni. Chokocho kusini, Micheweni kaskazini: alipita kisiwa chote na aibu niliyomtwisha mimi.

Nilijiona shujaa, wallahi. Nilijiambia nimeokoa heshima ya mwanangu. Hamad alirudi Unguja bila kula. Nyumba ya nyuma ikafungwa. Bi Mize akawa ananiwekea chakula na kuondoka, hatukai tena pamoja. Nami nikasema: atazoea.

Sasa nirudi nyuma kidogo kwa yule jirani yangu, Mzee Shaame. Alikuwa amefariki mwezi wa saba, kwa homa ya siku nne tu. Niliosha maiti yake mimi, na jeneza nililibeba kwa bega hili. Mkewe, Bi Time, akakaa eda yake ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Alipotoka edani, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, alikuja kwangu na ombi.

"Mzee, marehemu alikuwa akikusumbua umpige. Hukumpiga kweli? Hata moja? Sina sura yake mahali popote."

Nikavitoa vipande vya mkanda, nikavitazama kwenye mwanga. Nikamwona! Picha ya ishirini na moja, yenye kizagiza, ndiyo maana sikuichapisha. Nikafurahi. Nikaupeleka mkanda Unguja, nikaagiza zichapishwe zote.

Zilirudi mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Nikafungua bahasha asubuhi, peke yangu, nikaitafuta ya Mzee Shaame. Ndiye. Yuko barazani kwake, makumbi miguuni, kamba mkononi, mdomo wazi. Bila shaka alikuwa akinitania.

Na pembeni, kwa rangi ya chungwa: ishirini na tano, mwezi wa nane.

Mwezi wa nane? Mzee Shaame alikuwa kaburini mwezi wa nane! Zaidi ya mwezi mzima alikuwa ardhini, mimi mwenyewe nimemtia udongo. Maiti hakai barazani akasokota kamba!

Nikaikimbilia kamera kabatini. Nikavaa miwani, nikaipeleka kwenye jua, nikatazama kile kidirisha kidogo. Sisi tulikuwa mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Kamera ilikuwa mwezi wa pili.

Miezi miwili mbele! Tangu siku ile ya Mkoani, nimesimama juani bila miwani, kidole kinabonyeza...

Nikavichukua vipande vya mkanda. Kila picha ina namba yake, moja hadi thelathini na sita, na mkanda haurudi nyuma. Riziki alikuwa namba kumi na saba. Mzee Shaame namba ishirini na moja. Basi Riziki alicheka wakati Mzee Shaame bado yu hai. Ondoa miezi miwili: ishirini, mwezi wa sita. Siku nne baada ya Idi kubwa. Hamad alikuwepo nyumbani. Kivuli kilikuwa chake. Cha mume wake wa halali!

Mtafikiri nilipiga mayowe, nikakimbia barabarani, nikampigia mwanangu simu. Hivyo ndivyo angefanya binadamu.

Mimi nilichukua mkasi.

Nilikata ile pembe ya picha ya Mzee Shaame yenye tarehe, nikaitia mfukoni, nikampelekea Bi Time picha yake. Alilia kwa furaha, akanibusu mkono. Akauliza mbona imekatwa. Nikasema iliingia maji.

Kwa nini? Nimejiuliza mara ngapi! Nilikuwa mtu wa tarehe. Kijiji kizima, mtu akibishana juu ya siku ya jambo, walikuwa wakisema: kamwulizeni karani. Ningesemaje kuwa karani hakuvaa miwani? Niliona ni afadhali mkwe wangu awe mzinzi kuliko mimi kuwa mjinga. Hayo sikuyasema kwa maneno, lakini ndiyo niliyoyafanya.

Na nilijua hesabu ya eda. Hilo ndilo linaloniua. Talaka ilikuwa moja. Maadamu Riziki yumo ndani ya eda yake ya twahara tatu, karibu miezi mitatu, Hamad angeweza kumrejea kwa neno tu, bila posa, bila mahari, ndoa ikasimama palepale ilipoangukia. Eda ikisha, mlango umefungwa, na ufunguo uko mikononi mwa mwanamke.

Nilikaa kimya siku kumi na moja. Siku ya kwanza nilisema nitasema kesho. Siku ya tatu nilisema nimsubiri Hamad aje. Siku ya sita nikaenda msikitini mapema ili nimwambie imamu, nikarudi nimezungumza naye habari za bomba la maji. Siku ya tisa nilishika simu, nikaisikia sauti ya mwanangu, nikamwuliza majokofu yanakwendaje.

Siku ya kumi na moja Bi Mize alikuwa anafua kanzu yangu. Akaja ameshika kitu kwa ncha za vidole. Kipembe cha picha, chenye tarakimu za chungwa.

"Hiki nini?"

Sikuweza tena. Nilimwambia yote, nimekaa chini kama mtoto. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu: nimejua tangu lini. Nikamwambia.

Akakaa kitako palepale kwenye maji ya sabuni. "Siku kumi na moja," akasema. "Riziki ametoka edani Ijumaa. Mama yake aliniletea salamu. Leo Jumanne."

Siku nne! Nilichelewa siku nne... Na siku saba kabla ya hizo nilikuwa nimezishika mkononi, nikaziacha zianguke moja moja.

Tulimpigia Hamad. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mkono ule... niliujua mkono ule, Baba. Nikauacha moyo wangu nikafuata tarehe yako." Akakata simu.

Nilikwenda Micheweni siku ya pili, na Bi Mize akaja nami. Baba yake Riziki, Mzee Faki, ni mkulima wa mwani, mtu wa maneno machache. Aliwaita ndugu zake wawili, nami nikasema mbele yao kila kitu: betri, miwani, upenyo, barua, mkasi, siku kumi na moja. Sikuficha hata moja. Walikuwa wananitazama kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Nilipomaliza, Mzee Faki akasema, "Mwenzangu, kamera yako ina jicho moja. Weye Mungu kakupa mawili, na ulimi juu yake wa kuulizia."

Hamad alifika baada ya siku mbili, tukarudi Micheweni pamoja, akaposa upya. Mzee Faki hakukataa wala hakukubali. Alisema mwenyewe yumo ndani, aulizwe.

Riziki alitoka, amejitanda vizuri. Akakaa mbali kidogo. Alimwambia Hamad hana chuki naye, na mtoto ni wao wote wawili, aje kumwona atakapo. Kisha akasema:

"Lakini ndoa, hapana. Kivuli chako nilikitambua miye, Hamad, mara moja tu nilipokiona. Weye mwenye kivuli hukukitambua. Siku nyingine watakuletea nini, nami nikutolee ushahidi gani?"

Hamad akainuka, akatafuta viatu vyake.

Tulipokuwa tunaondoka, Riziki aliniita. Aliniita "Baba", kama zamani, na neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

"Siku ile uliniuliza nilikuwa nacheka nini," akasema. "Sikuweza kukujibu, na hata leo naona haya. Hamad alikuwa anakuiga weye. Kauweka mkono jichoni kama kamera, kafumba jicho la pili, kainama vile uinamavyo, anamfuata kuku: zzz, zzz. Ningekwambiaje mbele ya Mama, Baba, kuwa tulikuwa tukikucheka?"

Mkono ule uliokuwa usoni! Mwanangu alikuwa ananiiga mimi, huku mimi niko nyuma ya makuti, jicho limefumbwa, nafanya kilekile. Na mkwe wangu alinyamaza kwa ajili ya heshima yangu! Aliona ni bora avunjikiwe na nyumba kuliko kumwambia mkwewe usoni kuwa walimcheka. Nami heshima yake ndiyo niliyoitumia kumhukumu.

Nilimwambia aniombe kitu chochote, nitakitoa. Akaniomba picha ile.

"Ndiyo picha pekee niliyo nayo na Hamad pamoja," akasema. "Nasra akikua nitamwonesha."

Ile ya kwanza Hamad alikuwa ameichana. Nikaichapisha nyingine, nikampelekea mwenyewe. Mkasi nilikuwa nao mfukoni. Nikamwambia ngoja niikate hii pembe, hii tarehe ya uongo, isikae hapa ikakutukana. Akaivuta picha kutoka mkononi mwangu.

"Iache. Atauliza, nami nitamweleza."

Leo Hamad huja Idi zote mbili, lakini hufikia Micheweni kwa mtoto wake, anapanga chumba kwa jirani. Kwangu hupita kunisalimia kama anavyomsalimia mzee yeyote wa mtaani. "Shikamoo." "Marahaba." Basi. Nyumba ya nyuma makuti yake yameoza, upenyo umekuwa mlango. Kamera iko kabatini, betri nimeitoa. Kile kidirisha sasa ni cheupe, hakisemi tarehe yoyote.

Bi Mize amenisamehe, au amechoka, sijui. Mungu nampigia magoti kila siku. Lakini dhambi ya kumsingizia mwanamke aliyehifadhika ni nzito, wasomaji wangu, wala haipungui kwa kusema "sikukusudia". La kwanza sikukusudia, ni kweli. Na zile siku kumi na moja je?

Nawaomba sana. Nyinyi mnaotembea na kamera mifukoni, za mkanda au za simu, msiziingize mahali ambapo nyinyi wenyewe msingeingia bila hodi. Mkiona picha inayowachoma moyo, kumbukeni kuwa inaonesha kidogo tu, na kilichokatwa pembeni huenda ndicho chenye ukweli. Mkigundua mmekosea, semeni leo hii, hata kama mtachekwa. Kuchekwa hakuui mtu! Mimi nilichekwa uani kwa mwanangu siku nne baada ya Idi, na naapa sijawahi kupendwa kuliko siku ile. Sikujua tu.

Na wewe uliye na mkwe nyumbani kwako, ukiingiwa na shaka, usikae mezani ukaandika. Inuka uende mlangoni kwake, upige hodi, uulize. Mimi nilikuwa na hatua kumi na mbili tu.